Fizikia Itakupeleka Wapi? Historia Fupi ya Kazi za Wahitimu wa Fizikia Nchini Uganda

Swali lililozaa insha hii niliulizwa jikoni, si darasani. Ilikuwa likizo ya Desemba, nyumbani kwetu karibu na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Mjomba wangu, ambaye ameendesha malori ya mizigo kati ya Mombasa na Kampala tangu sijazaliwa, alikuwa akinywa chai. Akaniuliza nasoma nini hasa huko chuoni. Nikamjibu: fizikia na hisabati, mwaka wa tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, aliyesomea udaktari ni daktari. Aliyesomea sheria ni wakili. Wewe ukimaliza utaitwa nani?”

Nilikosa jibu. Mama, ambaye amefundisha historia katika shule ya sekondari kwa zaidi ya miaka 20, alikuwa akigeuza chapati. Akacheka na kuniambia, “Swali hilo usiwapelekee walimu wako wa fizikia. Kawaulize waliotangulia waliishia wapi.”

Insha hii ni utekelezaji wa agizo hilo. Ninafuatilia safari ya wahitimu wa shahada ya kwanza ya fizikia nchini Uganda tangu enzi za ukoloni hadi leo, nikivuka mpaka kwenda Tanzania na Kongo pale historia zetu zinapokutana. Hoja yangu ni kwamba shahada ya fizikia haijawahi kuwa na kiti chake maalumu kama ilivyo kwa udaktari au sheria. Kila kizazi cha wahitimu kilipata kazi mahali ambapo nchi ilikuwa na pengo, na mapengo hayo yalifunguliwa na kufungwa na matukio ya historia: uhuru, udikteta, kuvunjika kwa jumuiya, kuharibika kwa mashine. Ni kazi moja tu ambayo mlango wake haukufungwa hata siku moja, nayo ndiyo ambayo sisi wanafunzi tumezoea kuidharau.

Mbegu za kwanza

Elimu ya juu nchini mwetu ilianzia Makerere. Mwaka 1922 palifunguliwa hapo chuo cha ufundi, kikifundisha useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 kikapandishwa hadhi na kuanza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikashika njia yake.

Katika miaka ya ukoloni, fizikia ilikuwa somo la kuvukia. Kijana aliisoma ili afike kwenye udaktari au uhandisi. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya mwanafizikia Mwafrika. Uchumi ulikuwa wa pamba na kahawa, na mashine nyingi ziliagizwa ng'ambo pamoja na mtu wa kuzitunza. Kwa hiyo aliyebaki na fizikia mpaka mwisho alikuwa na njia moja iliyo wazi: kurudi darasani kama mwalimu.

Uhuru wa Oktoba 1962 ulibadilisha hesabu hiyo kwa muda. Maofisa wa Kiingereza walipoanza kuondoka, viti vyao vilihitaji watu katika posta na simu, katika viwanja vya ndege, wizarani na mashuleni. Wahitimu walikuwa wachache kuliko viti. Mzee mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu wa fizikia aliyehitimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliniambia kwamba wakubwa wake chuoni hawakujua barua ya kuomba kazi inaandikwaje, waliitwa tu. Katika kundi lake mwenyewe, mmoja alikwenda idara ya hali ya hewa, mwingine akachukuliwa na shirika la posta na simu, na waliosalia, yeye akiwa miongoni mwao, wakapewa chaki.

Idara ya hali ya hewa inastahili maelezo kidogo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mlango mkubwa wa fizikia nje ya shule. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na idara moja ya pamoja, yenye makao makuu Nairobi. Kutabiri hali ya hewa ni fizikia ya joto, mgandamizo wa hewa na mvuke, iliyotolewa maabara na kupelekwa angani. Rubani anayetua Entebbe anataka kujua upepo unavuma kutoka wapi, na mvuvi wa Ziwa Viktoria anataka kujua kama dhoruba itamkuta majini usiku. Hapo mhitimu wa fizikia hakuulizwa ataitwa nani. Aliitwa mtabiri wa hali ya hewa, akapewa zamu.

Watu wawili, makala moja

Kisa kinachojulikana kuliko vyote katika fizikia ya Afrika Mashariki kinatoka Tanzania, na nakileta hapa kwa sababu kinahusu kazi kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ikigombewa, naye akaingiza mchanganyiko wake wa maziwa na sukari ukiwa bado wa moto. Aliporudi akakuta wake umeganda kabla ya wa mwenzake uliowekwa ukiwa umepoa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza swali lilelile mbele ya mgeni, Dokta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walimcheka, lakini Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa masharti gani, na ubishi huo unabeba jina la Mpemba.

Wahadhiri wetu hutusimulia kisa hiki ili tusiogope kuuliza maswali. Mimi nilivutiwa na kile ambacho hakisimuliwi: wawili hao waliishia wapi? Makala ilipotoka, Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, na maisha yake ya kazi yakawa ya ofisa wanyamapori. Osborne naye aliacha kufundisha, akaingia katika utumishi wa serikali ya Uingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa balozi wa nchi yake nchini Malawi. Makala moja maarufu, waandishi wawili, na hakuna hata mmoja aliyestaafu akiwa mwanafizikia.

Sitaki kufanya haraka kusema kwamba huo ni ushindi. Kwa Osborne, kuhama fizikia kulikuwa uchaguzi. Mpemba hakupata shahada ya fizikia kabisa. Alifuata nafasi iliyokuwepo, na nchi changa yenye mbuga kubwa ilihitaji maofisa wanyamapori. Tunapojivunia kwamba fizikia inakupeleka popote, tukumbuke kwamba wapo waliokwenda kwingine kwa sababu njia ya fizikia yenyewe haikuwa imechongwa.

Miaka ya magendo

Nchini kwetu milango iliyofunguliwa na uhuru ilianza kufungwa Januari 1971, Idi Amin alipotwaa madaraka. Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa watu ambao wengi hawakujua biashara, wale ambao wananchi waliwabandika jina la mafuta mingi. Shule nazo zilipoteza walimu, kwa maana wengi wa waliofundisha sayansi na hisabati walikuwa Waasia na Wazungu. Wahadhiri na wataalamu wa Uganda nao wakaanza kukimbia, baadhi kwa kuhofia maisha yao.

Bidhaa zilipoadimika, uchumi wa kweli ukahamia kwenye magendo. Sisi wa mpakani tunalijua neno hilo kwa masimulizi ya wazee. Kahawa ilivuka usiku kwenda Kenya, sabuni na sukari zikarudi. Mshahara wa mwalimu haukutosha kununua hata hivyo vilivyorudi. Mzee jirani yetu anasema wenzake wengi walivuka mpaka wakafundishe Kenya, ambako mwalimu wa fizikia mwenye shahada alipokewa vizuri. Yeye alibaki kwa sababu ya mama yake mgonjwa. Mchana alifundisha sheria ya Ohm. Usiku alitengeneza redio za watu kwa malipo ya chumvi na mafuta ya taa. “Ile shahada,” aliniambia, “ilinilisha kwa mkono wa kushoto.”

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Pamoja nayo zilivunjika idara za pamoja zilizokuwa zimewaajiri wataalamu wa nchi zote tatu: reli, posta na simu, shirika la ndege, hali ya hewa. Kila nchi ikalazimika kuanza upya na vifaa vilivyobaki kwake. Kwa mhitimu wa fizikia wa Uganda maana yake ilikuwa kwamba soko la nchi tatu limegeuka soko la nchi moja, tena nchi iliyokuwa ikielekea vitani. Amin alipoondolewa Aprili 1979, maabara nyingi za shule zilikuwa kuta tupu.

Kipindi hiki kinanifundisha jambo ambalo vitabu vya ushauri wa kazi havisemi. Tunapozungumza kuhusu ajira tunamtazama mhitimu: ana ujuzi gani, amejiandaa vipi. Mzee yule alikuwa na ujuzi uleule mwaka 1970 na mwaka 1978. Kilichobadilika ni nchi iliyomzunguka.

Mashine moja ya Mulago

Pengo lililofuata lilikuwa hospitalini. Mwaka 1995 hospitali ya Mulago, Kampala, ilipata mashine ya tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani, itumiayo kobalti-60. Kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa mashine pekee ya aina hiyo nchini, na wagonjwa kutoka nchi jirani pia waliitegemea.

Watu wengi hudhani mashine kama hiyo inahitaji daktari na muuguzi tu. Kumbe nyuma yake lazima awepo mwanafizikia wa tiba, na kazi yake inaeleweka vizuri kwa hesabu tunayofanya mwaka wa pili. Nusu-uhai ya kobalti-60 ni miaka 5 na robo hivi. Maana yake ni kwamba chanzo cha mionzi hudhoofika kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, na baada ya miaka 5 na robo mgonjwa aliyehitaji dakika 2 chini ya mashine sasa atahitaji dakika 4 ili apate dozi ileile. Asipokuwepo mtu wa kupima na kukokotoa, mgonjwa atapata mionzi pungufu na saratani itabaki, au atapata mionzi ya kupita kiasi na kuungua. Mtu huyohuyo ndiye anayekokotoa unene wa ukuta wa zege ili anayekaa chumba cha pili asidhurike.

Mwaka 2016 mashine ile iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Nchi nzima ikabaki bila tiba ya mionzi. Waliokuwa na uwezo walikwenda Nairobi au mbali zaidi. Baadhi walipelekwa Kenya kwa mpango maalumu wa misaada. Wengine walirudi nyumbani kusubiri. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka ule wa 2016, na nakumbuka jirani mmoja wa kike aliyerudishwa kutoka Kampala akiwa na bahasha kubwa ya kaki mkononi. Hakuiona mashine mpya. Wakati huo sikujua kwamba habari ile ilikuwa na uhusiano wowote na fizikia.

Baada ya tukio hilo mazungumzo kuhusu wanafizikia wa tiba yaliongezeka, na tiba ya mionzi imepanuliwa. Tayari mwaka 2008 Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Nishati ya Atomu iliyounda baraza la kusimamia matumizi ya mionzi, kuanzia eksirei za hospitali hadi vyanzo vya mionzi viwandani. Hizo ni kazi zinazoanza na shahada yetu. Lakini niseme ukweli kwa wenzangu: shahada ya kwanza peke yake haikuingizi kwenye chumba cha mionzi. Inahitajika shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba, kisha mafunzo ya vitendo chini ya mtu mwenye uzoefu. Mlango upo, ila una ngazi mbele yake.

Kinu cha Kinshasa

Je, kama Uganda ingekuwa na mashine nyingi zaidi, wanafizikia wangekuwa na kazi nyingi zaidi? Jirani yetu Kongo anatupa jibu linalohitaji tahadhari.

Kongo ndiko kulikotoka urani ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, iliyotumika katika mabomu ya atomu ya Marekani mwaka 1945. Mwaka 1954 Wabelgiji walianzisha Chuo Kikuu cha Lovanium karibu na Kinshasa, ambayo wakati huo iliitwa Léopoldville. Mkuu wake wa kwanza, Luc Gillon, alikuwa padri na vilevile mwanafizikia wa nyuklia. Mwaka 1959 chuo hicho kiliwasha kinu cha nyuklia cha utafiti, cha kwanza katika bara zima la Afrika. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikapata uhuru ikiwa na wahitimu wazalendo wa chuo kikuu wachache mno, wa fani zote kwa pamoja.

Hebu fikiria hali hiyo: nchi ina kinu cha nyuklia, lakini haina wanafizikia wake wa kukihudumia. Wakongo walijifunza, wakachukua kazi hiyo, na mwaka 1972 kinu cha pili chenye nguvu zaidi kikaanza kufanya kazi. Hata hivyo vita, umaskini na ukosefu wa vipuri vilikizidi nguvu, na tangu 2004 kimesimama. Somo ninalolipata ni kwamba mashine haiumbi ajira yenyewe. Kazi ya mwanafizikia huzaliwa pale vitu vitatu vinapokutana: chombo, mtu anayekielewa, na serikali inayolipia matengenezo. Mulago ilipungukiwa na cha tatu, Kongo ya 1960 ilipungukiwa na cha pili. Mzee jirani yetu alikuwa na kile cha pili peke yake, ndiyo maana akatengeneza redio.

Mafuta, jua na simu

Kizazi chetu kimekuta mapengo mapya. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba eneo la Ziwa Albert lina mafuta ya kutosha kuchimbwa kibiashara. Mafuta hayaonekani kwa macho. Hutafutwa kwa kutuma mitetemo ardhini na kusoma mwangwi wake, kazi ya jiofizikia. Februari 2022 kampuni na serikali zilifikia uamuzi wa mwisho wa kuwekeza, pamoja na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Baadhi ya waliotutangulia wamejiendeleza katika jiofizikia kwa matumaini hayo. Wapo waliopata nafasi, na wapo waliosubiri tangu ugunduzi hadi uamuzi, miaka 16, na subira yao haikulipwa mshahara.

Jua halikuwa na subira ndefu hivyo. Mwishoni mwa 2016 kituo cha umeme wa jua cha megawati 10 kilizinduliwa Soroti, na vijijini paneli ndogo zimeenea madukani. Aliyenitangulia chuoni miaka miwili sasa anafunga mifumo ya sola kwenye zahanati na shule. Anasema wateja hawajawahi kumuuliza shahada yake, bali wanamuuliza kwa nini betri ya fundi aliyepita ilikufa baada ya miezi 8. Yeye anajua kwa nini.

Pengo jingine limefunguliwa na simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na huduma kama hiyo kufika kwetu mwaka 2009, kampuni za simu na benki zimehitaji watu wanaoweza kusoma takwimu nyingi na kuona mchoro uliojificha ndani yake. Hili si geni duniani. Fischer Black alihitimu shahada ya kwanza ya fizikia Harvard mwaka 1959, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa waandishi wa kanuni maarufu ya kukokotoa bei katika masoko ya fedha. Francis Crick alikuwa na shahada ya kwanza ya fizikia kutoka London, ya mwaka 1937, kabla hajashiriki kugundua umbo la DNA mwaka 1953. Ila nawaonya wenzangu wanaopenda kutaja majina hayo kana kwamba ni ratiba ya basi. Wote wawili waliendelea kusoma, tena katika nchi zilizokuwa na mahali pa kuwapokea.

Mwalimu wa milioni nne

Nimebakiza kazi ya kwanza na ya kudumu. Kutoka Makerere ya ukoloni hadi leo, mlango wa ualimu haukufungwa hata wakati wa Amin. Na bado sisi wanafunzi tunapozungumza mabwenini, ualimu ndio tunaoutaja mwisho, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni.

Katikati ya miaka ya 2000 serikali iliamua kwamba fizikia, kemia na biolojia ziwe masomo ya lazima katika sekondari ya chini. Kwa siku moja mahitaji ya walimu wa fizikia yakapanda, na shule nyingi hazikuwa na mwalimu wala maabara. Kisha katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2022, mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwalimu wa masomo ya sanaa mwenye shahada kama yake, shule ileile, alibaki na takriban robo ya kiasi hicho. Juni 2022 walimu wa sanaa waligoma. Baada ya wiki chache walirudi darasani, pengo likiwa palepale.

Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Nikimaliza masomo, nikasoma stashahada ya ualimu ya mwaka mmoja na kuajiriwa na serikali, mshahara wangu wa kwanza utakuwa kama mara nne ya mshahara wa mama, yeye aliyelipa karo yangu kwa kufundisha historia. Mjomba alipolisikia hili alifurahi: “Kumbe hiyo fizikia ina pesa!” Mama aligeuza chapati nyingine bila kusema neno.

Naielewa hoja ya serikali. Walimu wa sayansi ni wachache, na bila wao hatutapata mwanafizikia wa tiba wala mtabiri wa hali ya hewa. Historia niliyoieleza inaiunga mkono hoja hiyo: kila fani niliyoitaja ilianzia kwa mwalimu mmoja aliyebaki darasani. Lakini historia hiyohiyo inauliza swali la pili. Nilipotaka kujua fizikia itanipeleka wapi, hesabu zangu hazikunisaidia. Nilisaidiwa na tarehe, sababu na matokeo, vitu ambavyo mama hufundisha kwa robo ya mshahara. Nchi inayotaka kujua kwa nini mashine ya Mulago ilikuwa moja tu kwa zaidi ya miaka 20 inahitaji mwalimu wa fizikia na mwalimu wa historia pia.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kazi za wahitimu wa fizikia nchini Uganda zimefuata mapengo ya nchi: ualimu wakati wa ukoloni, hali ya hewa na simu baada ya uhuru, redio za jirani wakati wa magendo, kisha hospitali, mafuta, jua na takwimu katika miaka yetu. Mhitimu hana mamlaka juu ya pengo litakalofunguka. Anaweza kuwa tayari, na anaweza kudai, kama raia, kwamba mashine zinunuliwe na zitunzwe na watu wafunzwe. Madai hayo nayo ni sehemu ya kutafuta kazi.

Kwangu mimi, nimeamua kuomba nafasi ya stashahada ya ualimu. Nataka kufundisha miaka michache mpakani kwetu, niweke akiba, kisha niombe uzamili wa fizikia ya tiba. Nilimweleza mjomba mpango huo aliposimama kwetu safari iliyopita, lori likiwa limeegeshwa barabarani.

“Kwa hiyo utaitwa nani?” akarudia.

“Kwanza mwalimu,” nikamjibu, “kama mama.”

Akamtazama dada yake, kisha akanitazama mimi, akasema hilo jina analifahamu.